Jinsi Tulivyoyasikiliza Mabomba Mapana

Daktari amenistaafisha kabla sijafika miaka thelathini. Alisema mapafu yangu hayapatani na moshi wa ile dawa tunayopaka chuma kabla ya kukiunga, na kwamba nikishikilia nitakuja kuhema kwa kupanda ngazi tu. Katika miaka yangu yote ya kuhofia mambo, hilo sikuwahi kulihofia. Nilihofia mtungi wa gesi. Nilihofia lori la mafuta kuacha barabara na kuingia bandani mwetu. Nilihofia kwamba nilivyomwambia mteja "asante" palikuwa na kiburi ndani yake. Moshi wenyewe nilikuwa nikiuangalia tu ulivyopanda na kujikunja kwenye miale iliyopenya mabati, nikauona mzuri.

Nawaandikia nyinyi mliobaki bandani Changamwe, na wale watakaokuja baada yenu, ambao siku moja wataletewa fremu ya baiskeli ya mabomba mapana na wasijue waishike wapi. Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa. Vyeo havikuwepo, na vile vilivyokuwepo Kaka Saidi alijipa vyote.

Siku ya kwanza nilifika na shahada yangu ya uhandisi ndani ya bahasha, na bahasha nimeifunga ndani ya leso, kwa sababu asubuhi hiyo nikitoka nyumbani, mtaa wa Shika Adabu, nilifikiria mvua, na nilipofika kwenye feri nikafikiria bahari. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujieleza. Fundi Mutua hakuyahitaji. Ni mtu wa Machakos aliyekuja pwani akiwa kijana, akafanya kazi viwandani, kisha akafungua banda lake la kuunda fremu za baiskeli. Nilimkuta ameinama juu ya meza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo. Yaani, nimesoma. Sijafanya."

"Sawa. Shika hii."

Akanipa bomba la chuma refu kama mguu wangu, pana kuliko bomba lolote la baiskeli nililowahi kuona. Nikajikaza kulipokea. Mikono ikapanda juu yenyewe, kama mtu anayeinua ndoo akidhani imejaa maji.

Saidi, kijana wa Likoni anayepaka rangi pale bandani, aliona yote. "Yuwaruka!" akasema. "Fundi, mshike injinia wako, atachukuliwa na upepo."

Niliona haya siku nzima. Lakini jioni, kwenye feri, mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka ule wepesi. Nilisimama katikati ya watu nikiwa nimefumba vidole kana kwamba bado nimelishika.

Nitaeleza mabomba hayo ni nini, kwa sababu wengi wenu mmezoea blakimamba, zile baiskeli nzito za mizigo, na blakimamba ni chuma kingine kabisa. Kule bomba ni la duara tangu mwanzo hadi mwisho, na ukuta wake ni mnene kila mahali. Unaweza kulibana kwenye jiliwa, ukaligonga, ukalipandia. Hata baiskeli za mashindano za zamani, zilizoundwa kwa chuma cha hali ya juu, zilitumia mabomba membamba ya duara, ya vipimo vilevile karibu ulimwengu mzima. Watu walivizoea vipimo hivyo hata wakaviona kama maumbile.

Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya themanini, watengenezaji wa Ulaya wakaanza kuuza mabomba ya chuma yaliyopanuliwa. Hesabu yake nilifundishwa darasani, ila darasani haikuwa na harufu ya grisi. Ukipanua bomba kidogo, linakuwa gumu kuliko unavyotarajia. Kwa hiyo unaweza kuupunguza ukuta wake, na bado likabaki gumu na likawa jepesi. Lakini hawakuishia hapo. Walilikandamiza bomba likatoka kwenye duara. Upande wa mbele, linapokutana na shingo ya usukani, bomba la chini lilikuwa kama yai lililosimama. Upande wa nyuma, pale ekseli ya pedeli inapopita, lilikuwa kama yai lililolala, kwa sababu mguu ukikanyaga pedeli unaisukuma fremu kwenda ubavuni, na yai lililolala linaupinga ule ubavu. Katikati umbo linageuka polepole. Ukilishika bomba mlangoni asubuhi, mwanga unatembea juu yake, unafika katikati, halafu unalala chini. Mara nyingi niliuangalia mwanga ule ukilala mpaka nikaulizwa kama na mimi nataka mto.

Baadaye ikaja aluminiamu, na mabomba yake yalikuwa mapana zaidi. Halafu ikaja kaboni. Chuma kilichofinyangwa hivyo kikabaki kwa wachache wanaokipenda. Ya kwetu yalifika kwa njia ya kawaida tu: Mzungu mmoja wa Nyali alikusudia kuunda baiskeli akistaafu, akaagiza mabomba, akastaafu, akahama. Aliyaacha kwa Fundi Mutua ndani ya sanduku la mbao, kila seti imefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Tuliziunda seti hizo moja baada ya nyingine, kwa watu waliokuja na sababu.

Mabomba haya yana adabu zake. Usilibane kamwe kwenye jiliwa tupu. Litengenezee vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kwa umbo lake, na ukumbuke kwamba umbo si moja, kwa hiyo mbao za mbele si za nyuma. Ukisha kulikata kwa mdomo wa kuingiliana na bomba jingine, huwezi kuligeuza tena. La duara unalizungusha utakavyo, lakini yai likikosea limekosea. Na usiliegemeze ukutani mahali Saidi anapopita.

Adabu kubwa zaidi ni kusikiliza. Ukuta wa bomba hili haulingani. Mwishoni, linapoungwa, ni mnene ili ustahimili moto na mkazo. Katikati ni mwembamba, karibu sawa na kopo. Kwa nje huoni tofauti, maana unene umefichwa ndani. Ukikata upande mmoja kupita kiasi, unaumaliza ule unene, na kiungo chako kinakalia wembamba. Baiskeli itatoka nzuri, itapakwa rangi, itapigwa picha, na siku moja itakatika.

Kwa hiyo bandani kwetu bomba halikukatwa kabla halijasikilizwa. Kompresa ilizimwa, redio ilizimwa, Saidi alizimwa. Aliyekuwa akate alilikalisha bomba juu ya kitambaa, akaligonga kwa ncha ya spoki, kidogo kidogo kutoka mwisho kwenda katikati. Penye unene linajibu kwa sauti fupi, iliyofunga mdomo. Penye wembamba linaimba. Pale sauti inapofunguka, unaweka alama: huo ndio mpaka wa unene, na msumeno unakata kabla yake, upande wa mwisho wa bomba, ili unene ubaki kwenye kiungo. Na akishaweka alama aliyesikiliza, mwingine hasikilizi tena nyuma yake. Hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa kama kuonja chumvi kwenye chungu cha mwenzako mbele ya wageni.

Nilifundishwa kusikiliza kwa vipande vilivyobaki. Fundi Mutua alikuwa mvumilivu kwangu kuliko nilivyokuwa mwenyewe. Nilimuuliza kila kitu: je, joto la mchana linabadilisha sauti? Je, kutu? Je, kama mtu ana mafua?

"Hafswa," aliniambia siku moja, "wewe unafikiria mpaka chuma kinaona aibu. Gonga."

Nikagonga. Zilikuwa saa za mchana, jua limepita juu ya mabati, malori yamesimama kwenye foleni barabarani na madereva wamelala. Katika ukimya ule sauti ya bomba ilionekana kutoka mbali sana, kama kitu kinachoitwa kutoka ng'ambo ya maji. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikwenda kazini kwa ajili ya dakika hizo tu, na kazi nyingine zote nilizifanya kama nauli ya kuzifikia.

Ikafika wakati sandukuni imebaki seti moja. Na hapo akaja Chengo.

Chengo ni wa Kisauni, anasambaza mikate kwa baiskeli siku za kazi na mwisho wa wiki anashindana. Si mrefu. Ni mpana. Alishuka kwenye baiskeli yake ikatoa pumzi.

"Mimi nikikanyaga," alisema, "fremu inacheza, na mnyororo unasugua. Kre, kre, kre. Kilimani ndiyo usiseme. Wenzangu wananiita Kinu."

"Kinu si jina baya," Saidi akasema. "Mimi naitwa mabaya zaidi."

"Kabla ya hii nilikuwa na nyingine. Ilikatika hapa, chini ya shingo ya usukani, nikiwa nateremka." Akainua kidevu tukaona kovu. "Nilibaki nimeshika usukani peke yake, ndugu zangu. Gari lililokuwa nyuma yangu lilifunga breki. Kama lisingefunga, mke wangu ndiye angewasimulia."

Fundi Mutua alimzunguka, akampima miguu na mikono. Kisha akasema ile seti ya mwisho ilikuwa ikimngoja mtu wa namna ile. Nilijua kwamba Fundi alikuwa ameiweka kwa ajili ya baiskeli yake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa ufupi wa Chengo. Bomba la chini lilipaswa kukatwa sana, na kukatwa huko kugawanywe mbele na nyuma ili unene ubaki pande zote mbili. Nafasi ya kukosea haikuwepo, na bomba jingine halikuwepo.

Nirudi nyuma kidogo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na wasiwasi juu ya masikio ya Fundi Mutua. La kulia lilimsumbua tangu utotoni, hilo tulijua sote. Alikuwa akiliziba kwa pamba na kulifanyia mzaha. Lakini sasa nilikuwa nikimwita kutoka kushoto na hageuki. Alimwambia mama wa chai "hapana" alipoulizwa kama anataka sukari, halafu akalalamika chai haina sukari. Kila mtu hufanya hivyo, nilijiambia. Kisha nikajiambia si kila mtu. Nikajenga kesi kichwani, nikawa mshtaki, nikawa wakili wa utetezi, na usiku nikawa hakimu asiyepata usingizi.

Siku ya kukata, Chengo alikuja kutazama. Alikaa kwenye kreti akitafuna mkate wake mwenyewe. Tukazima kompresa. Fundi Mutua akalikalisha bomba juu ya kitambaa, akainama, akagonga upande wa mbele. Mimi nilisimama karibu, na sikio langu likafanya lilichozoea bila kuniomba ruhusa. Bomba lilijibu kwa kufunga mdomo, likafunga, likafunga, likafunguka. Spoki ikaendelea. Ikaendelea tena. Ndipo akasimama, akachora alama yake, ndani kabisa ya ule wimbo.

Akauchukua msumeno.

Nilifikiria kila kitu kwa mara moja. Kwamba nimekosea mimi. Kwamba nitamvunjia heshima mbele ya mteja. Kwamba nani mimi. Na kile kidevu cha Chengo kilikuwa pale, kinatafuna.

"Fundi," nikasema, "naomba nilisikilize."

Hakujibu. Nikarudia kwa sauti kubwa, kubwa mno, na Chengo akaacha kutafuna.

"We Hafswa!" Saidi akasema. "Waonja chungu cha mtu?"

Fundi Mutua alinitazama. "Umeona nini?"

"Sijaona. Nimesikia. Nadhani nimesikia. Pengine sikusikia."

"Chagua moja."

"Nimesikia."

Akanipa spoki. Nikagonga kutoka mwishoni, polepole, na pale sauti ilipofunguka nikaweka kidole. Kutoka kidoleni hadi kwenye alama yake palikuwa na upana wa vidole viwili. Vidole viwili vya wembamba, na juu yake angekaa Chengo akiteremka.

"Tena," Fundi akasema.

Nikagonga tena. Alikuwa ameinamisha sikio la kushoto, lakini niligundua macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu. Alikuwa akiangalia ni lini nimegonga.

Akakaa. "Sisikii," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Hili la kushoto nalo limeziba tangu mvua za masika. Lori nasikia. Saidi namsikia, kwa bahati mbaya. Bomba silisikii. Nilidhani mkono utakumbuka wenyewe."

Chengo akasema kwa upole, "Sasa hii inakatwaje, Fundi?"

"Atakata Hafswa." Alikuwa tayari anafuta mikono, kama mtu anayejiandaa kuvaa shati aende nyumbani. "Na kuanzia leo atasikiliza yeye. Mimi nitaunga."

Ningeweza kukubali. Lilikuwa jambo la busara, na hata Saidi alitikisa kichwa kulikubali. Lakini nilimwona akikikunja kile kitambaa cha kusikilizia, pembe kwa pembe, na nikajua kwamba akimaliza kukikunja hatakikunjua tena. Sauti ni mtetemo, niliwaza. Mtetemo hauhitaji tundu, unahitaji njia.

"Fundi, liweke kwenye mfupa."

"Mfupa gani?"

"Nyuma ya sikio. Au tayani. Kilichoziba ni tundu, mfupa haujaziba. Nadhani. Sina hakika, daktari ndiye angesema, na pengine ni upande mwingine, na pengine bomba likiwa limeshikwa sauti itabadilika, na—"

"Hafswa. Nyamaza kidogo."

Akaliinua bomba, akaliegemeza mwisho wake kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto, na kwa mkono mwingine akagonga.

"Sasa yuwapiga simu," Saidi akasema. "Ukimpata, nisalimie."

Hakuna aliyecheka. Kisha Fundi Mutua akacheka, macho yamefumbwa. Akagonga tena. Akahama kidogo, akagonga. Tulimwangalia akitembea ndani ya lile bomba, polepole, kama mtu anayepapasa nyumba yake mwenyewe taa zikiwa zimezimika, anakutana na kiti, anakutana na meza, anavitambua. Barabarani foleni ilianza kusogea na banda likatetemeka kwa malori, na yeye hakuyasikia au hakuyajali.

"Hapa," akasema.

Haikuwa pale penye alama yake. Haikuwa pia pale nilipoweka kidole. Ilikuwa kabla yake, upana wa ukucha.

"Wewe umesikia pale linapokuwa jembamba," akaniambia. "Lakini linaanza kupungua kabla ya hapo. Njoo."

Akaniwekea bomba kwenye mfupa wangu. Akagonga. Na kweli, kabla ya ule wimbo kulikuwa na kitu ambacho sikio langu halikuwahi kunipa: mlango unaofunguka bila sauti ya mlango. Sijui nieleze vipi. Jaribuni wenyewe.

Akafuta alama ya zamani kwa kidole gumba na mate, akachora mpya. Kisha akakata kabla yake, upande wa mwisho. Kipande kilichoanguka alikichukua, akautazama ukuta wake penye mwanga, akampa Chengo. Chengo alikigeuza geuza kwa vidole vyake vikubwa.

"Ni mnene," akasema.

"Na uliobaki kwenye bomba ni mnene vilevile," Fundi akasema. "Endelea kula."

Fremu iliundwa bila haraka. Fundi aliunga kwa shaba, mimi nikavisugua viungo kwa tupa mpaka viwe laini kama mkunjo wa kiwiko, Saidi akapaka rangi ya buluu aliyosema ni ya kifalme na sisi tukasema ni ya geti. Moshi ulipanda kwenye mwanga. Nilikohoa siku zile, nikadhani ni vumbi.

Chengo alikuja kuichukua asubuhi. Tulimwambia aijaribu kwenye kile kilima kinachopanda kutoka nyuma ya matangi ya mafuta. Alianza chini, akasimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, na ile baiskeli ikapanda kama inavutwa kwa kamba. Mabega yake yalikwenda huku na huku, fremu haikwenda popote. Alitupita karibu sana, jasho linamtoka, mdomo wazi, akaendelea juu.

Fundi Mutua alikuwa amesimama kando yangu, pamba sikioni. Aliniinamia.

"Inasugua?"

Nikasikiliza. Nikasikiliza tena, maana mnanijua.

"Haisugui, Fundi. Hakuna kitu."

"Basi leo," akasema, "mimi na wewe tunasikia sawasawa."